Mwongozo Uliomgomea Kaka

Kigali, Jumatano

Mama yangu,

Shikamoo. Goti limepoa? Na yule ng'ombe mwenye mimba, ameshazaa? Mimi mwili mzima. Moyo ndio hauna raha.

Unakumbuka programu ya hesabu niliyokitengenezea chama cha maziwa hapo Uru. Mwongozo wake uko vipandevipande kwenye faili, na kompyuta ndiyo inayoviunganisha kuwa kitabu, mradi kwanza uiwekee programu za kazi hiyo. Kaka Anaeli ndiye katibu, nikamtumia maelezo ya kuziweka, hatua kumi na mbili. Mwezi uliopita akanipigia kutoka ofisini.

"Ndeshi, hatua ya tatu inagoma. Inasema hiyo kitu haipo."

"Umeruka mstari."

"Sijaruka. Nimerudia mara nne."

"Kaka, hata ndama akionyeshwa ndoo mara mbili anajua kunywa!"

Kumbe simu ilikuwa kwenye spika. Nikasikia wanawake waliokuja kupimiwa maziwa wakiangua kicheko, na mmoja akisema, "Katibu ndama, njoo basi unywe!" Simu ikakatwa.

Sitaficha, Mama, nilikuwa na langu moyoni. Mliuza ng'ombe wawili yeye asome chuo. Mimi kompyuta nimejifunzia kwenye meza ya kutengeneza simu pale Moshi mjini, hata kuku hakuuzwa. Bado linaniuma. Lakini Jumatatu kazini wamenipa kompyuta mpya, nikafuata maelezo yangu mwenyewe, na hatua ya tatu ikanigomea kwa maneno yaleyale. Kuna programu ya kutangulia zote ambayo kompyuta yangu ya zamani ilikuwa nayo tangu nifike huku, nami sikuiandika kwenye maelezo. Hatua ni kumi na tatu. Kaka hakukosea hata moja.

Shangazi anasema Kaka ameacha ukatibu, amerudisha ufunguo wa ofisi. Simu zangu hapokei.

Nakuomba ukate jani la isale, ulifunge fundo, umpelekee kwa niaba yangu asubuhi akileta maziwa yake pale yanapopimwa, mbele ya wanawake walewale. Waambie aliyekosea ni mimi. Najua kwetu mtu akiletewa isale hana njia ila kusamehe, na hapo ndipo aibu inanizidi, maana ni kama namwamuru tena. Basi mwambie jani hili nimemruhusu kulikataa.

Nisalimie Baba, shangazi, na mke wa kaka, ambaye sijui nitamtazamaje usoni.

Ni mimi mwanao,
Ndeshi