Mashine Inamwita Petronila

Nyakato,
Musoma.
9 Machi 2025.

Kaka mpendwa Baltazar,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mbeya, wewe, wifi Sara na watoto, na kwamba lile goti lako limeacha kukusumbua na baridi. Sisi huku tunapumua. Mama ana afya, mihogo ya nyumbani Kibara imekubali, na mvua inanyesha bila kutuuliza. Mimi ndiye sina raha.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kila nikikupigia uko kikaoni. Barua angalau huwezi kuikata.

Hospitali yetu ilipoletewa ule mfumo wa kompyuta, wewe ndiye uliyenipongeza. Ulisema mashine itaandikisha wagonjwa, itawaita kwa spika, itapanga tarehe za kliniki, na sisi wauguzi tutabaki na kazi ya kuuguza. Kaka, ulinidanganya, ingawa najua hukukusudia. Naingiza kila kitu kwenye kompyuta, kisha nakiandika upya kwenye daftari, kwa sababu umeme ukikatika matroni anataka daftari. Kazi ilikuwa moja, sasa ni mbili. Wagonjwa wananiona kisogo tu.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonishinda ni suala la mtoto wa mdogo wetu Mugeta.

Unajua Petronila ana selimundu, ule ugonjwa wa damu, tangu akiwa mchanga. Usilolijua ni kwamba Novemba alivimba mikono akalia mpaka majirani wakaja, na Mama akasema marehemu bibi Wegesa anataka mtoto apewe jina lake. Basi wakampa. Jogoo akachinjwa, mtoto akaitwa Wegesa mbele ya ukoo, na kesho yake alikuwa anacheza uwanjani. Tangu hapo nyumbani jina la Petronila halitajwi. Mama anasema, "Hilo jina tulishaliacha na ugonjwa wake. Anayelitajaga anaurudisha." Na wifi Kwangu, mama wa mtoto, analishika hilo kuliko Mama mwenyewe.

Mimi sikuona ubaya. Nusu ya wagonjwa wangu wana jina la cheti na jina la nyumbani. Zamani nilikuwa natoka nje nasema, "Mama wa Kibara, njoo na mtoto," tukaelewana.

Sasa inaita mashine. Mwezi uliopita alikuja daktari bingwa wa selimundu kutoka Mwanza, ambaye huja mara moja kwa mwezi. Kwangu alitoka Kibara alfajiri, akaketi kwenye benchi na mtoto. Spika ikaita: Petronila Mugeta. Kwangu akamziba mtoto masikio kwa viganja. Ikaita tena, akaziba tena. Alikuwa anasubiri nitoke nimwite mimi, na mimi nilikuwa ndani nabonyeza kompyuta. Ilipoita mara ya tatu bila kuitikiwa, ikaandika "hakufika" na nafasi ikaenda kwa mwingine. Hakuna mtu aliyeamua, imejiamulia yenyewe. Niliwakuta jioni kwenye benchi lile lile, bingwa ameshaondoka.

Nilimfokea Kwangu mbele za watu. Alilia. Aibu ilinishika baadaye, lakini wakati ule hasira ilikuwa imenipanda kichwani.

Nikajaribu kumwandikisha mtoto kama Wegesa. Mashine ikampokea vizuri sana, kama mgeni asiye na ugonjwa wowote, halafu ikakataa kumpa vidonge kwa kuwa hana selimundu! Kwa jina la zamani nako haitoi mpaka bingwa amwone. Nikaomba jina libadilishwe, ikasema jina linatoka kwenye cheti cha kuzaliwa, niwaandikie makao makuu. Nimewaandikia mpaka nimechoka. Kila nikituma, hapo hapo linarudi jibu: "Ombi lako limepokelewa. Ahsante kwa uvumilivu." Uvumilivu upi? Nikamwomba mganga mfawidhi tuite watu kwa namba tu, akaniambia hizo ni changamoto za mwanzo. Mwanzo gani huu unaomaliza mwaka?

Na usiniambie kosa ni la mtumiaji, kama ulivyosema siku ile ukicheka. Mtumiaji mwenyewe ana miaka sita.

Nikamwendea Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Skola, wewe umesoma. Mimi mtoto nilimwona akipona." Kwangu naye anasema hamleti tena mahali ambapo ugonjwa wa mwanawe unaitwa kwa spika. Mugeta yuko visiwani na dagaa wake, na ukimpigia anakwambia umuulize Mama. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi zenyewe ni huyu mtoto. Vidonge vimekaribia kwisha, na ameanza tena kushika miguu akilia.

Bingwa anarudi tarehe ishirini na nane. Nimemwekea nafasi kwa jina la Petronila, maana hakuna njia nyingine. Wewe ndiye kifungua mimba, na tangu baba atutoke neno lako Mama halirudishi. Mpigie. Usimfundishe mifumo. Mwombe aje na Kwangu siku hiyo, na spika ikiita aitike yeye mwenyewe, yeye aliyelikataza lile jina. Kwangu hatathubutu kuziba masikio ya mtoto mama mkwe wake akiitika.

Jumapili iliyopita nilikuwa Kibara. Mtoto alikuwa mkekani, ananyoosha mguu mmoja polepole kama mzee. Wenzetu walipokwenda kisimani nilimwuliza anataka tumwite jina gani. Alitazama kwanza mlangoni, kama mama yake hajarudi.

"Lile la vidonge, shangazi," akasema.

Mwambie Mama hivyo hivyo, usiongeze neno.

Wifi Sara nimempatia kile kitenge alichoniagiza, mpe salamu zangu. Wabusu Felisian na Gati. Mama anakusalimu, ingawa hajui kama nimekuandikia. Mungu awafunike huko mliko, na akupe ulimi laini siku utakapompigia.

Mdogo wako akupendaye, hata akiwa na hasira,

Skolastika