Motokari ya kwenye muteremuko

Furaha mujukuu wangu,

Huku Lushebere tuko wazima, maharagi inachanua. Unauliza utazame nini ukienda kuchukua ile motokari yenye imetumika.

Miaka ya sitini, mimi na kaka tulichukua kamioneti Kitshanga. Muuzaji aliisimamisha kwenye muteremuko, kama tunavyofanya sisi wote watu wa Masisi, maana huku ni vilima tu. Tukaiachilia, ikashuka, ikawaka. "Iko muzima!" kaka akasema.

Kufika Walikale, kwenye tambarare, tukaizima tule. Ikakataa kuwaka. Kumbe demarere, ile yenye kuwasha moteri, ilikufa zamani. Kilima njo kilikuwa kinaiwasha! Watu wakatusukuma. Musichana mumoja akatucheka: "Mulinunua motokari, mukasahau kununua na kilima chake?"

Basi waambie wenye kuuza waiweke pahali sawasawa, pasipo muteremuko, moteri ikiwa baridi, uiwashe mwenyewe.

Yule musichana nilimuoa: njo koko yako, anakusalimia. Mpaka leo nikijisifu, ananiuliza kilima changu kiko wapi.