Lori la Shemeji Hassani

Makole, Dodoma
12 Agosti 1993

Dada Stara, shikamoo.

Huku hatujambo, ila maji yanatoka kwa zamu. Mtoto ameacha kunyonya na anasumbua. Gereji ina kazi nyingi, maana tangu biashara iachiwe huru kila mwenye akiba anatafuta lori kuukuu.

Wiki iliyopita Shaibu, mfanyabiashara wa Mkonze, alileta Bedford alilonunua Nzega ili nilikague. Kibati cha mlangoni kilionyesha ni la mwaka 1974. Nilipokwangua rangi kwenye chesisi nikakuta namba nyingine, ya lori la 1968. Tena haikugongwa kiwandani. Nne yake imelala upande, kama nilivyoigonga mwenyewe kwa nyundo tulipochomelea chesisi ya lori la mume wako.

Dada, ni lile alilopotea nalo shemeji Hassani, tukamsomea hitma.

Nilikwenda Nzega kwa aliyemuuzia Shaibu, nikamkuta ni shemeji mwenyewe. Yu hai. Ana duka, mke na watoto wawili. Aliponiona aliacha kupima sukari, akauliza, "Stara hajambo?"

"Nenda kamuulize mwenyewe," nikamwambia.

Akasema hana uso wa kurudi Kondoa.

Mama sijamwambia. Najua umewakataa wote waliokuposa kwa ajili yake. Ukitaka talaka, nitakwenda kuidai. Ukitaka kumwona, nitakupeleka mpaka mlangoni, lakini sitaingia. Mimi nimemwona mara moja, imenitosha.

Mdogo wako,
Abdulnasiri