Somo la Sunna

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono umekataa kuanza bila hiyo.

Nakuandikia kwa herufi zako za Kiarabu, si za shule, ndiyo maana mistari inakwenda upogo. Usicheke. Ulinisomesha mwenyewe pale barazani kwetu Kiranjeranje, nikamaliza juzuu amma, kisha nikachukuliwa shule ya bweni na herufi zako nikazisahau nusu. Hiyo nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya nijione najua.

Unakumbuka likizo yetu ya mwisho, nilipokueleza kwamba chuo kikuu, mwaka wa pili, kila mwanafunzi huongezewa somo moja la hiari? Mengine yangu yalikuwa yamekwisha kupangwa: udaktari wa mifugo, na wewe hukuacha kuniuliza nitamtibu ng'ombe gani huku kwetu mbung'o wamewamaliza. Lakini hili la hiari, nikasema, mtu huchagua alipendalo, hata kama halihusiani na kazi yake. Ukatafuna korosho yako taratibu, ukasema, "Kumbe na Wazungu wana faradhi na sunna." Halafu ukaongeza, "Faradhi wamekuchagulia wao. Sunna uchague vizuri, maana hutakuwa na wa kumsingizia." Niliporudi Kampala niliwahadithia wenzangu, na mpaka leo bwenini kwetu somo la hiari linaitwa sunna.

Masika ikaja barua yako. Ilikuwa fupi. Nikaisoma mwenyewe kwa kidole, herufi kwa herufi, nikajisifu kwamba sikumtafuta mtu wa kunisomea. "Mwanangu, mimi nimeshuka. Mvua ikikatika nakutazamia." Basi. Kila mwaka ulikuwa unashuka Lindi na kufikia kwa Shangazi, Rasbura, wala hukuwa na haja ya kutaja mji; ukisema umeshuka kila mtu anajua uko wapi. Hata muhuri wa posta ulikuwa wa Lindi, kama wa barua zako zote, hata zile ulizoandikia nyumbani. Nikasema alhamdulillahi, kile kifua chake cha siku zote kimepoa, mzee amepanda lori mwenyewe.

Nikakujibu siku ileile, kwa herufi zako ili ufurahi, nikaituma kwa anwani ya Shangazi. "Nimefurahi sana kusikia umeshuka. Kaa huko huko. Mimi likizo hii siji." Nikaenda zangu Mwanza kutembea kwa rafiki.

Simu ya msiba iliningoja chuoni siku kumi. Nilipofika nyumbani khitma ilikuwa imekwisha kusomwa. Majirani wakaniambia hukutoka kitandani tangu mvua za kwanza, na kila ukisikia lori barabarani ulikuwa unamtuma mtu akatazame nani ameshuka. Nilipopita Rasbura, Shangazi akanipa barua yangu haijafunguliwa. Alikuwa ameiweka chini ya mkeka akikungoja, maana kama mtoto ameandika hapa, basi lazima baba yuko njiani.

Nilikukasirikia, Baba. Nisamehe. Miezi mizima nilikulaumu: mtu anaandika ameshuka, kumbe yuko kitandani kwake anakohoa. Kwa nini unidanganye? Na kilichoniuma zaidi ni kwamba jibu langu halikukufikia, ukafa ukidhani nimekunyamazia.

Mwaka wa pili ulipoanza, orodha ya masomo ya hiari ikabandikwa ubaoni. Kulikuwa na kuchora, muziki, ufinyanzi, useremala, na mwisho kabisa kusoma hati za zamani za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Ungependa niseme nililichagua hili kwa ajili yako. Hapana. Nililichagua kwa uvivu. Niliona alifu na be ninazijua, nitaiacha kidogo mifupa ya ng'ombe nipumzike.

Wiki ya tatu Maalim wetu, mzee wa Pwani asiye na haraka, akaandika neno moja ubaoni akatuambia tulisome. Mmoja akasema, "Shuka." Wa pili akasema, "Choka." Wa tatu, "Shoka." Maalim akatuambia wote watatu wamepata. Katika mwandiko wa wazee wengi, akasema, sh na ch zina sura moja, na o na u zina alama moja. Msomaji anayejua habari za mwandishi ndiye anayejua lipi ni lipi.

Sikusikia tena alichosema. Nilitoka, nikaenda bwenini, nikalitoa sanduku chini ya kitanda.

Mwanangu, mimi nimechoka. Mvua ikikatika nakutazamia.

Hukudanganya. Uliniita, na mimi nikakusoma vibaya, nikaenda kutembea.

Kisha nikaitoa na ile yangu, ambayo nilikuwa nimeililia kwa kuwa haikukufikia. Herufi ni zile zile, Baba. Wewe ungeisoma hivi: nimefurahi sana kusikia umechoka. Kaa huko huko. Mimi likizo hii siji.

Nilikaa sakafuni. Nilimshukuru Mungu kwa Shangazi na mkeka wake. Bora ulidhani nimenyamaza.

Sasa muhula unakwisha, na kila mwanafunzi ametakiwa alete karatasi moja ya kwao aiandike upya kwa herufi za Kizungu. Wengine wameleta hati za mashamba na mashairi ya babu zao. Mimi nilipeleka barua yako. Maalim akaitazama sana, akaniuliza nimejuaje kwamba hapa ni "nimechoka" na si "nimeshuka". Nikamjibu, "Kwa sababu hakushuka, Maalim."

Alinirudishia karatasi kwa mikono miwili.

Wanasema mtu anaweza kubadilisha somo la hiari muhula ujao. Sibadilishi. Na kila nitakapoandika ch nitaitia nukta zake tatu za chini, isifanane na sh, mtoto wa mtu asije akapotea kama mimi. Uliniambia nichague vizuri kwa kuwa sitakuwa na wa kumsingizia. Kweli, sina.

Lala salama, Baba, umechoka. Mvua ikikatika nakuja. Safari hii sipiti Rasbura. Lori likisimama Kiranjeranje, anayeshuka ni mimi.

Mwanao