Wimbo wa Bibi Domitila

Kasulu, Jumapili, 9 Juni 1974

Mazoezi ya kwaya baada ya misa. Besi wanavuta kama ng'ombe waliochoka. Tumerudia "Mlango", wimbo tutakaomwimbia Askofu sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, 15 Agosti. Tunauimba kwa Kiha. Kwa Kiswahili ubeti wake, tunaourudia, ni hivi:

Mlango ni mdogo, inama.
Moto upo, maharage yanachemka.
Ingia, Imana, ukae.

Imana ni Mungu. Wimbo kila mtu anaujua. Nikauliza nani aliutunga. Wa zamani, wakasema. Mzee mmoja wa besi akacheka. "Wa zamani gani? Mwenyewe yu hai, Kagerankanda. Bibi Domitila."

Mimi ndiye mwalimu wa kwaya, na sikujua. Aibu kidogo. Hamu kubwa.

Jumamosi, 15 Juni

Baiskeli hadi Kagerankanda. Vumbi mpaka kwenye meno.

Bibi Domitila ni mfupi, mkali. Nyumba yake ni mpya, katika kijiji kipya walikohamishiwa. Amenisalimu kwa kupiga makofi, desturi ya Waha, kisha akaendelea kupukuchua maharage kana kwamba sipo. Majirani wanasema jua likifika utosini huingia ndani, huacha mlango wazi, hunyamaza. Ukimwita haitiki. Wengine wanasema mtakatifu. Wengine, kichaa.

Leo nimeona. Alikaa akitazama kigoda kitupu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikilizwa. Alipotoka akanipa uji. Sikuthubutu kuuliza.

Jumapili, 16 Juni

Mke wangu Skola hajaimba tangu Pasaka, tulipomzika mtoto wetu. Leo nimemsimulia habari ya kigoda. Akaacha kuosha vyombo. "Anaona nini pale?" Siku nyingi hajaniuliza swali lolote.

Sijui. Nataka kujua.

Jumamosi, 29 Juni

Nimerudi kwake. Nimemwimbia wimbo wake mwenyewe. Mstari wa tatu akanikatiza.

"Nani kaweka 'ukae'? Mimi nilisema 'ujibu'."

Akanieleza, mikono ikiwa kwenye maharage. Surua ilimchukulia watoto watatu msimu mmoja. Akaacha kusali. Akafungua mlango, akapika, akaweka kigoda, akamwita Mungu aje ajieleze, kama mkwe aliyekosa. Akaimba hivyo mpaka majirani wakachoka. Mchana mmoja, kitu kikaja. Hakuna mwanga, hakuna sauti. Alijua tu kwamba kigoda si kitupu.

"Akajibu, Bibi?"

"Hakujibu, mwanangu. Alikaa."

Akacheka mpaka akakohoa. Waliobadili neno, akasema, wameshika mwisho wakaruka mwanzo. Beti za kwanza ziwe "ujibu". Wa mwisho ndio "ukae". Ukianza na "ukae" unamdanganya aliyefiwa.

Nimeendesha baiskeli kilomita nzima bila kuona njia.

Jumatano, 10 Julai

Nimemweleza paroko. Amekataa. "Mwalimu, mbele ya Askofu tumwamuru Mungu ajibu? Hapana." Si mtu mbaya. Anaogopa watu watakwenda kuhiji kwenye kigoda. Nikikaidi ataniondoa kwenye kwaya. Kasema wazi.

Nina hasira. Nina woga pia. Kwaya ndiyo furaha niliyobaki nayo.

Skola, niliyemsimulia yote, yuko upande wa bibi. Hajasema. Lakini anapika huku akinong'ona mstari wa tatu, na neno si letu.

Alhamisi, 8 Agosti

Bibi Domitila amefariki. Homa. Wamemzika jana, habari imetufikia leo. Mpwa wake anasema aliomba mkeka usogezwe mlangoni, basi. Hakuacha wosia wowote.

Nilikuwa na maswali mengi bado. Nimejikasirikia kwa kutokwenda Julai.

Alhamisi, 15 Agosti

Kanisa limejaa mpaka nje. Paroko alinitazama. Nikainua mkono. Nilikusudia kutii, kweli. Sikuwa nimewaambia waimbaji lolote.

Mstari wa tatu kwaya ikaimba "ukae". Na kutoka mabenchi ya akina mama, sauti moja: "ujibu". Skola. Kavu, yenye mikwaruzo, peke yake.

Ubeti wa pili, akina mama wanne au watano naye. Nikaipa kwaya mgongo, nikawaimbisha wao. Wa tatu, kanisa zima. "Ujibu!" Kama watu wanaogonga. Ubeti wa mwisho nikashusha mkono polepole, nikatamka neno kwa midomo tu, wakanielewa. "Ukae."

Wengi walilia. Askofu akasimama kuendelea na misa. Paroko amesema tutaongea Jumatatu.

Skola amenishika mkono njia nzima, mbele za watu.

Jumamosi, 24 Agosti

Paroko amenipumzisha hadi Noeli. Sikubishana.

Asubuhi sokoni. Mwanamke muuza dagaa alikuwa akipima kwa kopo huku akiimba "Mlango". Simjui, hanijui. Mstari wa tatu akaimba: "Ingia, Imana, ule." Ule chakula, yaani.

Nikamuuliza kautoa wapi. Kibondo, akasema. Kwao wote wanauimba hivyo.

Sikumsahihisha; nikasimama mpaka akamaliza beti zote. Kisha nikanunua kopo moja.