Noti Saba za Munyiva

Dagoretti Corner, Nairobi
9 Februari 2005

Baba mpendwa,

Habari za huko Butere? Mgongo umekuachilia ama bado unaamka ukijishika ukuta? Mimi niko salama, nakula, nalala, na kanisa naenda, kwa hivyo usiulize.

Baba, kuna jambo. Ile kazi yangu ya kuimba hotelini huku mjini imezaa albamu. Nyimbo kumi, zote nimetunga mwenyewe, jazi laini ya gita na saksafoni, muziki wa mtu aliyeketi akapumua. Tunarekodi Lavington kwa nyumba ya projusa anaitwa Dan. Mtaa ni kimya, ila Wambua, mtunza bustani wa jirani, akiwasha mashine ya nyasi sote tunakaa tukingoja. Siku hizi ananiuliza kwanza, "Dada, mnaimba saa ngapi, ndio nikate saa zingine?"

Nataka jalada liseme Philister Were. Linaenda kuchapwa tarehe 29 Aprili. Najua ulivyosema nilipoacha chuo cha ualimu, kwa hivyo siwezi kuweka jina lako bila ruhusa yako. Wimbo mmoja ni ule marehemu Mama alikuwa anaimba jikoni bila maneno. Maneno nimeutilia mimi. Hatujaurekodi bado, basi nimekuandikia kwa do-re-mi, vile ulinifunza. Usome, halafu uniambie.

Mtoto wako,
Phili

Butere
27 Februari 2005

Binti yangu Philister,

Salamu nyingi. Mgongo umepona, sasa ni magoti. Shamba limelimwa, na kanisa limekataa kuelewa kwamba mwalimu wa kwaya naye hustaafu.

Wimbo nimeusoma mara nne. Maneno ni mazuri, sikatai. Lakini mama, nani alikufunza kuandika hivi? Mahali saba umeandika "ta" pahali pa "te". Noti inashuka nusu hatua, inalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Nimezisahihisha zote kwa wino mwekundu, na nakala iko humu ndani. Mtoto wangu hawezi kutokea hadharani na makosa saba.

Kuhusu jina, hapana. Nimefundisha kwaya miaka thelathini na moja kwa jina hilo, na sitaki liwekwe meza moja na chupa za bia. Usinikasirikie. Nakupenda, na ukija nyumbani kuku wako yupo, lakini jina hapana.

Ni mimi,
Baba

Dagoretti Corner
12 Machi 2005

Baba,

Pole kwa magoti. Usiyachoshe na hilo jembe.

Barua yako niliisomea kwa ngazi za posta hapo mjini. Nililia kidogo, halafu nikacheka, maana hata tarehe niliyoandika juu ya wimbo umeitia alama nyekundu. Baba, hizo noti si makosa. Nimezishusha nikijua. Ziimbe polepole, usizikimbize kama kwaya ya mashindano. Jana tumerekodi vile nilivyoandika.

Jina lako umeninyima, sawa. Nitaandika Philister Munyiva, jina la Mama. Mama ametuacha miaka sita sasa, hayupo wa kunikataza. Inaniuma kuandika hivyo lakini ndiyo hali. Ukibadilisha nia, niandikie kabla ya tarehe 29.

Mtoto wako,
Phili

Dagoretti Corner
14 Aprili 2005

Baba,

Uko mzima kweli? Mwezi mzima sijapata hata mstari. Kama umekasirika niambie umekasirika, nitavumilia. Kunyamaza ndiko siwezi.

Phili wako

Butere
26 Aprili 2005

Phili mama,

Niko mzima. Si ugonjwa ulioninyamazisha, ni aibu.

Nilifundisha kwaya wimbo wako kwa noti nilizosahihisha, ili nikuonyeshe unavyopaswa kuwa. Nikauandika ubaoni. Wakauimba bila kosa, na haukunigusa popote. Jirani yetu Peres alikuja amechelewa. Hakutazama ubao, akaanza tu kuimba, na sauti yake ikashuka mahali pale pale, kote saba. Nikagonga meza, nikamwambia amekosea. Akanijibu, "Mwalimu, si huu ni wimbo wa Munyiva? Mimi niliusikia nikiwa uani kwangu. Aliimba hivi, mpaka ulipomkataza."

Ni kweli, mwanangu. Mama yako alipotoka Ukambani kuja kwangu aliimba sana. Nami kila mara nilimwita sebuleni nikamwonyesha te iko wapi na ta iko wapi. Nilijiambia namfundisha. Mwaka mmoja nikaona nyumba imenyamaza, nikafurahi kwamba amejua. Wewe ulimsikia kwa sababu aliimba nikiwa shuleni.

Yeye siwezi kumwomba msamaha tena. Nakuomba wewe. Noti ziache zilivyo. Kama hujachapa, weka majina yote mawili, lake litangulie. Kama umeshachapa, nimejitakia.

Baba

Dagoretti Corner
7 Mei 2005

Baba yangu,

Natumai magoti yanakubeba, maana nataka usafiri.

Barua yako ilifika juzi Alhamisi. Majalada yalikuwa yameshachapwa, mia tano, Philister Munyiva peke yake. Sitakudanganya, nilikukasirikia kwa niaba ya Mama siku nzima. Nilitaka kukujibu vibaya. Nilimkumbuka akifunga mdomo kila aliposikia baiskeli yako, na sikuwahi kujua kwa nini.

Leo asubuhi nimeyabeba majalada yote hadi kwangu, nikakaa kitandani na kalamu nyeusi. Naandika Were kwa mkono, moja baada ya lingine, baada ya jina lake. Dan anasema naharibu jalada. Jackie, anayepiga saksafoni, alitaka kunisaidia, nikakataa kwa sababu hii kazi ni yangu. Nimefika mia mbili na kumi na nne.

Tunazindua Jumamosi tarehe 28, saa nane mchana, ukumbi mdogo wa ghorofani Kimathi Street. Njoo na Peres. Nikifika wimbo wa Mama nitakuita uinuke, na utaimba na mimi. Ukosee kote saba.

Mtoto wenu,
Phili