Vitufe Sita Bila Herufi

Jumatatu, 3 Machi

Mjomba anahama nyumba, basi leo kaniletea sanduku. Kalitua mlangoni mwa karakana, hata maji hakunywa. Eti ni la marehemu mama yako, limekaa kwangu miaka arobaini, sasa zamu yako kulitunza.

Ndani dude la chuma, zito hilo! Vitufe sita vikubwa, vitatu kushoto, vitatu kulia, na kimoja cha duara katikati. Herufi hakuna. Namba hakuna. Pembeni kuna kengele ndogo. Na bahasha yenye karatasi nene kumi na moja. Tupu! Hazina hata tone la wino, zimejaa vipele tu kama zilizonyeshewa mvua.

Nikamuuliza mjomba ni nini. Hajui. Mama alifanya kazi gani? Karani wa shule. Shule ipi? Hajui, yeye alikuwa ughaibuni, alirudi kuzika tu.

Mama kafariki sijatimiza miaka miwili. Picha yake sina. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyenilea kwa mikono yake, Mungu amrehemu. Nikimuuliza habari za mama alijibu neno moja: mkimya. Baba naye kaenda na yake moyoni. Ninayoyajua kuhusu mama yangu mzazi hayajazi kijiko cha chai. Sasa nimepata kitu alichokishika yeye, halafu sijui ni kitu gani! Nitajua. Hata kama ni kwa viboko.

Jumanne, 4 Machi

Siku nzima imepotea.

Fundi taipureta: hii ni taipureta, imeng'olewa herufi. Na utepe wa wino? Umeibwa. Umeibwa na nani? Kakasirika, eti kama najua zaidi yake nimemfuatia nini.

Fundi cherehani: hii inatoboa matundu ya vifungo. Kahangaika nusu saa kutafuta pa kupitisha uzi. Hakupaona. Lakini bado ni ya matundu ya vifungo!

Mume wangu: mashine ya kukatia tiketi. Hata kutafuna hakuacha. Kisha kaniuliza litakaa mezani mpaka lini. Nimemwambia litakaa kuliko yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Dude limenishinda, nimegeukia karatasi. Mimi na karatasi yenye makunyanzi hatukai chumba kimoja. Miaka ishirini na mbili najalidi vitabu, na somo la kwanza nililopewa lilikuwa hili: karatasi ikiingia karakanani, kwanza ilale, inyooke. Basi nimezipitishia sifongo yenye maji kidogo, nikazibana kwenye kibanio kikubwa. Zimeingia saba tu, kwa sababu vitabu vya mahakama vimejaza nafasi. Nne zitasubiri.

Angalau hilo nimemfanyia mama.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi saa kavaa miwani yake, kainama, kasikiliza kengele. Jibu: kinanda cha mtoto. Kinanda! Nimebeba chuma kwenda na kurudi, bega linaniuma, kwa ajili ya kinanda. Kila mtu hapa bingwa wa kukisia. Hakuna hata mmoja anayeweza kusema "sijui." Wallahi nikisikia "nadhani" nyingine nitapiga mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejua. Afadhali nisingejua.

Asubuhi nilikuwa navipiga vile vitufe kwa hasira tu, ovyo ovyo, mpaka kengele ikalia. Yule mpokea simu wa ofisi ya jirani, asiyeona, alikuwa anapita na fimbo yake nyeupe. Miaka sita anapita, tunasalimiana, anaondoka. Leo kasimama pale pale. Dada, hiyo mashine umeitoa wapi? Kajua kwa sauti! Ni ya kuandikia breli, anasema, nukta nundu, maandishi yetu tusioona. Shuleni kwao ilikuwapo ya namna hii, na makarani wenye macho ndio waliowapigia vitabu.

Makarani. Mama!

Nikacheka, nikampa kiti, nikamweleza jinsi nilivyohangaika kwa mafundi. Naye kacheka: mwenye macho haambiwi tazama! Halafu kauliza, na karatasi zake je? Zile zenye vipele?

Nimefungua kibanio, nikampa moja. Kaipapasa juu mpaka chini, polepole, mara mbili. Dada, hii umeifanya nini?

Imelala. Zote saba zimelala laini, kazi safi kabisa, kazi ya fundi. Maneno ya mama yangu nimeyafuta kwa mikono yangu mwenyewe! Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu hakusubiri hata wiki.

Jumanne, 11 Machi

Mpokea simu kaja wakati wa mapumziko ya mchana. Nimefunga mlango. Zile saba kajaribu: hapa kuna "maziwa," hapa kuna "homa," hapa pamelala. Nikamsihi akisie. Kakataa. Sitakutungia mama, dada.

Kisha zile nne. Kasoma kwa kidole, kwa sauti ya chini: "Leo tena mama mkwe amefungua barua zangu na kuzisoma. Daftari langu kalitia motoni. Haya naandika anavyoandikiwa asiyeona. Aje asome na haya."

Mama mkwe. Bibi yangu! Bibi aliyenibeba mgongoni, aliyenifundisha kusali.

Hapo kaondoa kidole. Anasema huyu aliandika ili asisomwe na mtu, na yeye si mtu wa kufungua barua za marehemu. Niseme mimi mwenye mama: aendelee, au azirudishe kwenye bahasha?

Nimemwambia ngoja, nikaja huku stoo. Naandika nimekaa juu ya marobota ya karatasi, katika daftari ambalo mume wangu hajui kama lipo. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Bibi? Mama na huo ukimya wake? Mimi na kibanio changu?

Nasikia fimbo yake ikigusa kiti. Mapumziko yake yanakwisha. Alipoondoa kidole kaniambia na jambo moja zaidi. Mstari unaofuata unaanza na jina langu.